« Volan iko nacheza »: jinsi ulegevu wa usukani unavyotafutwa katika garaji za Annexe

Shofere anapoingiza minibasi yake katika garaji ya Annexe, mara nyingi hutoa sentensi moja tu: « Volan iko nacheza. » Kisha huketi juu ya tairi kuukuu na kungoja. Kwake yeye amekwisha kusema yote. Kwa fundi bado hajasema kitu, maana sentensi hiyo inabeba magonjwa matatu au manne tofauti, na kila ugonjwa una dawa yake na bei yake. Katika makala haya ninaeleza jinsi fundi anavyotoka kwenye sentensi hiyo hadi kwenye kiungo kimoja kilichokwisha. Ninayaandikia jarida la kitivo chetu kwa sababu nusu ya kazi hiyo ni kazi ya maneno, na kwa sababu wengi wetu tunapanda minibasi hizo kila siku kwenda Kasapa, tukiwa tumekaa nyuma ya volan ambayo hatujui inacheza kiasi gani.

Nimekulia Annexe, wilaya inayoizunguka Lubumbashi, na garaji nazijua kwa sababu nyumba yetu inapakana na moja. Garaji hapa si lazima iwe jengo. Ni uwanja, mwembe, mafuta meusi juu ya udongo mwekundu, gari mbili zisizo na mota, na watu wanaojua kusikiliza. Jambo hili la kusikiliza ndilo lililonivuta kwanza.

Tuanze na neno lenyewe. Mtu aliyesoma Kifaransa atadhani mara moja kwamba *kucheza* hapa ni tafsiri ya *jeu*, neno ambalo katika Kifaransa ni mchezo wa watoto na pia ni nafasi iliyobaki kati ya vyuma viwili visivyobanana. Mafundi wetu wanalijua neno hilo, na wengi husema « iko na je » bila kufikiri. Lakini sidhani kwamba tulihitaji Kifaransa ili kusema volan inacheza. Bibi ambaye hakuingia karakana hata siku moja husema jino linacheza, mpini wa jembe unacheza, mguu wa meza unacheza. Waingereza na Wajerumani nao huita nafasi hiyo kwa neno lao la mchezo. Inaonekana watu wa lugha nyingi wametazama kitu kinachotikisika ndani ya kitu kingine wakaona mtoto asiyetulia. Ninachoona ni kwamba maana ya Kifaransa ilikuta njia imekwisha kulimwa.

Tatizo ni kwamba njia hiyo ni pana mno. Shofere husema volan inacheza anapoizungusha kidogo na gari lisigeuke. Husema hivyo hivyo volan inapotetemeka mikononi gari likifika mwendo fulani. Husema hivyo gari linapovuta upande mmoja, na linapoyumba barabarani kama mtu aliyekunywa. Haya ni mambo manne. La kwanza ndilo ulegevu halisi: kiungo kimoja kimekwisha. La pili mara nyingi ni tairi zisizo na uwiano au rimu iliyopinda kwenye shimo. La tatu huanzia kwenye upepo wa tairi, breki inayoshika upande mmoja, au magurudumu yasiyoelekea mbele sawasawa. La nne linaweza kutoka kwa yoyote kati ya hayo, pamoja na spring na amotisa.

Kwa hiyo fundi mzuri hachukui ufunguo. Anauliza. Mzee mmoja wa jirani, ambaye mikono yake imepita juu ya Land Rover, Peugeot na sasa Toyota, huanza karibu daima hivi:

« Sikia, mwana. Iko nacheza mu mikono, ao ni motokari njo iko nacheza mu njia? »

« Papa, ni mu mikono. »

« Ukisimama, ao ukitembea? »

« Hata nikisimama. »

« Na ukipiga freni? »

Maswali matatu, na tayari magonjwa mawili yameondoka. Kama volan inacheza hata gari likiwa limesimama, si uwiano wa tairi wala breki, maana hayo hayana sauti mpaka magurudumu yazunguke. Kama inatetemeka tu shofere akikanyaga breki, atatazama diski kabla ya usukani. Wasomaji wanaofuata masomo ya isimu watatambua kazi hii: ni kutafuta mazingira ambamo maana moja inawezekana na nyingine haiwezekani. Edgar Polomé, aliyefundisha katika mji huu ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville na kuchapisha maelezo ya Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968, alifanya kazi ya namna hiyo juu ya sauti na viambishi. Johannes Fabian naye, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, alitazama vitabu vya Kiswahili vilivyoandikiwa Wazungu wa Kongo, ambamo amri ni nyingi: fanya hiki, leta kile. Kiswahili ninachokisikia chini ya mwembe ni kinyume cha hicho. Ni Kiswahili cha kuuliza.

Sasa tuingie chini ya gari, lakini kwanza ni lazima kujua nguvu ya mkono inapita wapi. Kutoka kwenye volan kuna mti wa chuma unaoshuka hadi sakafuni. Mti huo haunyooki, kwa hiyo katikati una kiungo kimoja au viwili vinavyopinda huku vinazunguka. Mafundi huviita kardani. Chini yake magari yanagawanyika katika makundi mawili. Magari magumu ya zamani, na Land Cruiser nyingi zinazokwenda migodini, yana sanduku la usukani lenye skrubu nene ndani yake, na sanduku hilo husukuma mkono wa chuma. Magari mengi mengine yana kremayeri: fimbo yenye meno inayosukumwa kushoto na kulia na gia ndogo. Kutoka hapo, kwa kila upande, inatoka fimbo ya kusukuma gurudumu, na kwenye ncha za fimbo kuna rotile. Rotile ni mpira wa chuma uliokaa ndani ya kikombe cha chuma, kama nyonga ya mtu. Inaruhusu gurudumu lipande na kushuka huku linageuka.

Hesabu viungo hivyo: kardani, gia, fimbo, rotile za ndani, rotile za nje, rulma za gurudumu lenyewe. Kila kimoja kina nafasi ndogo, hata kikiwa kipya. Kinachofika mkononi mwa shofere ni jumla ya nafasi zote. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya makosa katika garaji nyingi. Mtu anatafuta kiungo kimoja kilichokufa, kumbe kuna vinne vilivyochoka kidogo kidogo. Au anakuta rotile iliyochoka kidogo, anafurahi, anaibadilisha, na ugonjwa wenyewe unabaki palepale.

Kabla ya kulala chini, hupimwa kwanza. Magurudumu yananyooshwa mbele. Kama gari lina usukani wa msaada wa mafuta, mota inawashwa, maana mota ikizimwa kuna chuma chembamba ndani kinachojipinda kabla ya gia kusogea, na mpimaji atahesabu kujipinda huko kana kwamba ni ulegevu. Kisha kipande cha gundi au alama ya chaki huwekwa kwenye ukingo wa volan, na volan husogezwa kwa vidole viwili tu, polepole, kushoto mpaka gurudumu la mbele lianze kusogea, halafu kulia mpaka lianze tena. Urefu kati ya alama hizo mbili ndio ulegevu. Vitabu vya matengenezo vya Toyota, kwa magari mengi, vinaweka kikomo cha milimita 30.

Milimita 30 ni kitu gani? Volan yenye upana wa sentimita 38 ina mzunguko wa karibu sentimita 119, kwa hiyo milimita 30 ni kama digrii 9. Magurudumu hayapati digrii 9, kwa sababu usukani hupunguza: tuseme volan inazunguka mara 18 zaidi ya gurudumu, basi gurudumu lina nusu digrii ya uhuru, robo kila upande. Kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, minibasi yenye mita 2 na nusu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma inaweza kwenda pembeni karibu robo mita katika sekunde moja bila shofere kuhisi kitu mkononi. Hiyo inarekebishika. Lakini nimeona kwa macho yangu volan yenye sentimita 11. Fanya hesabu ileile na utapata karibu mita moja katika sekunde moja. Katika barabara yetu, mita moja ni pikipiki, ni mama mwenye beseni la mkaa kichwani, ni mtaro.

Baada ya kupima, inakuja kazi yenyewe, na inahitaji watu wawili. Mmoja hukaa kwenye kiti na kutikisa volan kushoto kulia, kidogo kidogo, ndani ya ule ulegevu na kupita kidogo tu. Asizungushe sana. Mtikiso mkubwa husogeza kila kitu na kuficha kila kitu. Mwingine hulala chini, na hapa macho hayatoshi; ni lazima mkono. Anashika kiungo kwa namna ambayo vidole vinagusa pande zote mbili: upande unaoingiza nguvu na upande unaoitoa. Kanuni ni moja. Kama upande wa kwanza unasogea na wa pili unangoja, ugonjwa uko kati ya vidole vyako. Kama pande zote mbili zinasogea pamoja, kiungo hicho ni kizima. Nenda kwenye kinachofuata.

Mzee niliyemtaja hufuata mpangilio kutoka juu kwenda chini, kutoka mkono wa shofere hadi tairi. Vijana wengi huanza chini, kwenye rotile za nje, kwa kuwa ndizo zinazoonekana na ndizo zinazouzwa kila kona. Nakubaliana na mzee. Ukianza na kinachouzwa kwa urahisi utakuta kile unachotaka kuuza.

Kwanza, kardani: je, bolti yake imekaza? Je, meno yanayoingia kwenye mti yamelika? Pili, mahali kremayeri au sanduku lilipofungwa kwenye mwili wa gari. Hapa watu wengi hupita haraka, nao ni mahali pa ajabu, kwa sababu kremayeri inaweza kuwa nzima kabisa na yenyewe yote ikawa inasogea kushoto kulia, kwa kuwa raba zake zimekufa au bolti zimelegea. Mtu anayetazama rotile tu hataona. Tatu, rotile za ndani, zilizofichwa ndani ya mfuko wa raba wenye mikunjo, *sufle*. Mfuko hukamuliwa kwa vidole ili kuhisi fimbo ndani yake wakati volan inatikiswa. Nne, rotile za nje.

Niseme kidogo juu ya raba hizo, kwa sababu naona zinadharauliwa. Watu husema barabara mbaya ndiyo inayoua rotile. Ni kweli kwa sehemu. Lakini adui mkubwa wa rotile katika mji huu ni vumbi jekundu la kiangazi, kutoka Mei hadi Oktoba, likifuatwa na maji ya masika. Raba ikichanika, vumbi linaingia kwenye grisi na kuifanya kuwa kitu cha kusagia chuma. Rotile yenye raba nzima inaweza kuvumilia mashimo mengi. Yenye raba iliyochanika hufa hata kwenye lami. Raba ni kitu cha bei ndogo, na ndiyo sababu hakuna anayeinunua.

Baada ya hapo gari hupandishwa kwa kriki na kuwekewa kigogo imara chini yake, maana kriki peke yake imekwisha kuua watu. Gurudumu hushikwa kwa mikono miwili, kushoto na kulia, kisha hutikiswa. Likicheza, mara nyingi ni rotile za usukani au rulma. Halafu hushikwa juu na chini. Likicheza hivyo, ni rulma au rotile za kusimamishia gurudumu. Rulma inajificha katika majaribio yote mawili, kwa hiyo kuna hila moja nzuri: mtu mwingine akanyage breki wakati gurudumu linatikiswa. Breki hukamata diski na kuifunga pamoja na sehemu isiyozunguka, kwa hiyo ulegevu wa rulma unatoweka. Ukitoweka, ni rulma. Ukibaki, ni rotile. Nilipoiona hila hii mara ya kwanza nilifikiri juu ya jaribio la kubadilisha sauti moja katika neno ili kuona kama maana inabadilika: unafunga kitu kimoja, unaacha vingine vyote kama vilivyo, na unasikiliza.

Ile minibasi ya sentimita 11 inastahili kuelezwa, kwa sababu ugonjwa wake ni ugonjwa wa mahali petu. Gari hilo lilitoka Japani, ambako watu huendesha upande wa kushoto na volan iko kulia. Zambia vilevile, Tanzania vilevile. Sisi tunaendesha upande wa kulia. Pale Kasumbalesa, karibu kilomita 90 kutoka hapa, barabara hubadilisha upande, lakini gari halibadiliki. Kwa hiyo Lubumbashi ina magari mengi yenye volan upande usio wake, na shofere wa namna hiyo akitaka kulipita lori inambidi atoe gari lote nje kabla macho yake hayajaona. Katika minibasi kuna ubaya mwingine: mlango wa abiria unafungukia katikati ya barabara. Baadhi ya wenye magari wameona bora kuhamisha volan kutoka kulia kwenda kushoto, na kuna mafundi wanaofanya hivyo vizuri na wengine wanaofanya vibaya.

Gari hili lilikuwa limebadilishwa kabla ya kununuliwa na mwenye nalo wa sasa. Shofere alikuwa ameipeleka kwingine mara mbili. Mara ya kwanza walimbadilishia rotile za nje, mara ya pili za ndani. Kila mara volan ilipata nafuu siku chache, au yeye alidhani imepata. Shofere wa minibasi ana deni la kila jioni, pesa anayomkabidhi mwenye gari, ambayo hapa huitwa *verisema*. Siku ya garaji ni siku bila verisema, na rotile hizo nne alizilipa kutoka mfuko wake mwenyewe. Alipofika kwa jirani yetu hakuwa na hasira tena. Alikuwa amechoka.

Mzee aliuliza maswali yake. Kisha akamweka kijana kwenye volan na kuanza juu, kwenye mti wa usukani, ndani ya gari, mahali ambapo hakuna aliyekuwa ametazama kwa sababu kipande cha plastiki kilifunika. Aliyehamisha volan alikuwa ameongeza kiungo cha tatu, kardani ya gari jingine, ili mti ufike kwenye pembe mpya. Meno ya kardani hiyo hayakulingana sawasawa na meno ya mti. Yalikuwa yamebanwa kwa bolti moja na kipande cha bati kilichokunjwa katikati ili kujaza nafasi. Bati lilikuwa limesagika. Vidole vya mzee vilikuwa juu ya kiungo hicho, na nikaambiwa niweke vyangu: upande wa juu ulikwenda na kurudi, wa chini ulilala. Rotile zote nne zilikuwa nzima, nzuri kabisa, zinang'aa.

Siwezi kusema waliobadilisha rotile walidanganya. Inawezekana hata zile za zamani zilikuwa zimechoka. Lakini waliisikia sentensi « volan iko nacheza » wakaifasiri kwa maana iliyo ya kawaida zaidi, bila kuuliza gari hilo lina historia gani. Jambo baya zaidi ni hili: kiungo cha juu kikikatika, hakuna kitu kingine. Rotile moja ikitoka kwenye kikombe chake, gurudumu moja linaangukia upande wake na gari linaburuzika, nayo ni hatari kubwa. Mti wa usukani ukiachana, magurudumu yote mawili hayana tena mwenyewe, na shofere anazungusha volan kama sahani mkononi.

Neno letu sanifu la volan ni *usukani*, na hapa nina la kuwaambia wanaoandika kamusi. Neno hilo halikuzaliwa barabarani. Limetoka katika Kiarabu *sukkān*, ubao unaogeuzwa majini nyuma ya chombo, na kwa karne nyingi watu wa pwani walilitumia kwa majahazi kabla gari la kwanza halijafika Afrika. Mkono wa kuugeuzia uliitwa *kana*. Gari lilipokuja, jina la ubao ulio majini lilipanda juu hadi kwenye duara lililo mkononi. Sisi wa Katanga, tulio mbali na bahari, tulichukua volan kutoka kwa Wafaransa na Wabelgiji, ingawa tuna maji yetu: Mweru pale Pweto na Kilwa, Tanganyika pale Moba na Kalemie.

Ninalitaja hili kwa kuwa mashua za tanga za kisasa, zile zenye duara la usukani badala ya kana, zina ugonjwa huohuo na uchunguzi huohuo. Duara linazungusha gia yenye mnyororo. Ncha za mnyororo zimefungwa kwenye kamba mbili za waya. Waya zinapita juu ya kapi na kufika chini ya sitaha, kwenye kipande cha chuma chenye umbo la robo ya duara kilichobana nguzo ya ubao wa usukani. Mmoja anatikisa duara kidogo, mwingine anatambaa chini na kufuata kwa mkono: mnyororo, waya, kapi, robo duara, nguzo. Waya zikilegea hukazwa, lakini zikikazwa mno hula kapi na kuufanya usukani mzito. Kama robo duara inasogea na nguzo inangoja, bolti zake zimelegea. Mabaharia wana faida moja ambayo fundi wetu hana. Mashua hizo hubeba kana ya dharura, inayochomekwa moja kwa moja juu ya nguzo. Ukiitumia na ulegevu ukatoweka, ugonjwa uko kwenye waya na mnyororo. Ukibaki, uko chini, kwenye ubao na vishikizo vyake. Katika gari hakuna njia ya kuruka viungo vya katikati hivyo. Ni lazima kuvipitia kimoja kimoja.

Nirudi kwenye sanduku la usukani la magari magumu, kwa maana lina kishawishi chake. Juu yake kuna skrubu moja yenye nati, na ukiikaza ulegevu hupungua mara moja. Hakuna kitu kinachompendeza mteja kuliko hicho: dakika mbili, bila kununua kitu, volan imekuwa ngumu. Lakini skrubu hiyo iliwekwa kwa ajili ya kuchakaa kwa meno ya ndani ya sanduku, si kwa ajili ya rotile wala kardani. Ikikazwa ili kuficha ulegevu wa kiungo kingine, meno yanabanana katikati, na volan haijirudishi yenyewe baada ya kona. Shofere anatoka kwenye kona na gari linaendelea kukata. Jirani yetu huigusa skrubu hiyo mwisho kabisa, viungo vingine vyote vikiwa vimekwisha kupitiwa kwa mkono, na huigeuza robo ya mzunguko, halafu anapima tena.

Ninaokusanya nao msamiati wa garaji kwa ajili ya kazi za mwisho wa mwaka ninawaomba jambo moja: wasiandike « kucheza: kulegea » na kufunga daftari. Waandike nani alisema, gari likiwa limesimama au likitembea, na mkono wake ulikuwa wapi alipokuwa anasema. Nimeona mashofere wanaotikisa ngumi mbele ya kifua wanaposema *inacheza*, na hao mara nyingi wanamaanisha mtetemo. Wengine husogeza viganja polepole kushoto na kulia, na hao ndio wenye ulegevu. Neno ni lilelile. Fundi huyasoma mikono kabla ya kujibu.

Ile minibasi ilipata mti mwingine wa usukani, uliotoka kwenye gari la aina hiyohiyo lenye volan kushoto tangu kiwandani, na kardani zake zenyewe. Ilichukua siku tatu kuupata. Walipomaliza, mzee aliweka chaki palepale alipoiweka mwanzoni na kupima mbele ya shofere: milimita 20 na kitu. Rotile hazikuguswa. Kama zingebadilishwa, angehesabu kwanza nyuzi za skrubu zilizobaki nje kwenye fimbo, ili mpya iingie kwa urefu uleule, na hata hivyo angelipeleka gari kurekebishwa mwelekeo wa magurudumu, kwa sababu uzi mmoja tu wa tofauti unatosha kula tairi kwa miezi miwili. Nati ya rotile ina kipini kidogo cha waya kinachoizuia isijifungue. Kipini hicho hakirudishwi kikiwa kimekwisha kukunjwa mara moja. Anaweka kipya, anakunja ncha zake mbili, na kumwita shofere ainame atazame.